Mguu Niliouvunja

Watu wakinikuta sokoni Kiomboi huniuliza kama ni kweli nilimng'oa jino mchezaji wa nchi jirani kwenye mechi ya timu ya taifa. Huwa nawajibu kwamba ni kweli. Wanacheka, na mwenye genge ananiongezea nyanya moja. Hakuna aliyewahi kuniuliza niliingiaje kwenye hiyo timu. Ningeulizwa, labda ningeyasema haya mapema zaidi.

Nilizaliwa katika kijiji cha wakulima, mwendo wa saa mbili kwa miguu kutoka Kiomboi, msichana pekee kati ya wavulana watano. Kaka zangu walicheza mpira kwenye shamba la mtama likishavunwa. Mabua yalikuwa yamekatwa mshazari, yamebaki yamesimama, na ukianguka pale ulikuwa unainuka umechanika. Waliniweka katikati kwa sababu sikuwa na mbio za kucheza mbele wala kimo cha kukaa golini. Kaka yangu mkubwa aliniambia neno moja tu: asipite mtu. Nikimwachia mtu apite, alinipiga ngumi ya mgongo huku mchezo unaendelea. Nikimwangusha mtu, alinyamaza, na kwake yeye kunyamaza ilikuwa ndiyo sifa.

Baba alinichapa kwa sababu nyingine. Alikuwa mzee wa kanisa. Jumapili moja nilitoka ibadani nikaingia shambani kucheza nikiwa bado na gauni la kanisani. Mtoto wa jirani alinikanyaga mkono nikiwa chini, akausokota mguu wake juu ya vidole vyangu, nami nikamng'ata shavu la mguu mpaka nikaonja damu. Mama yake alimleta kwetu akichechemea. Baba alinifunga kamba kwenye nguzo ya zizi, akanichapa kwa fimbo ya kuchungia mpaka ikakatika, akaenda kukata nyingine. Mama alisimama mlangoni akimsihi kwa Kinyiramba, kwa sauti ya chini, watu wa njiani wasisikie. Baba alitaka nijifunze kuogopa. Mimi nilijifunza kwamba maumivu hufika mahali yakaisha, na nikiwa na miaka kumi na mbili nilikuwa tayari naingia kwenye mipira ambayo wavulana waliikimbia.

Nikiwa sekondari, kocha mmoja wa timu ya wanawake ya Singida mjini aliniona kwenye mashindano ya shule. Sote tulimwita Mwalimu. Mechi ilipokwisha aliniita kando.

"Unaogopa nini?" akaniuliza.

"Nyoka, Mwalimu."

"Uwanjani unaogopa nini?"

"Uwanjani hakuna nyoka."

Nilipomaliza kidato cha nne alikuja nyumbani kumwomba baba ruhusa ya kunichukua. Baba alikubali haraka kuliko nilivyotegemea. Nafikiri alikuwa amechoka kukata fimbo.

Tuliishi wasichana kumi na moja katika nyumba ya kupanga, karibu na uwanja wa vumbi na kokoto. Niligawiwa godoro moja na msichana wa Mkiwa, Mnyaturu, wa umri wangu. Aliamka alfajiri kuswali na alinikanyaga kila mara akitafuta kandambili zake gizani. Mama yake alimletea vitunguu na mlenda mkavu, mama yangu aliniletea karanga, na vyote tulikula kwenye sahani moja. Tulicheza nafasi moja, lakini yeye alikuwa mchezaji na mimi nilikuwa mvunjaji. Mguu wake wa kushoto ulikuwa unautuliza mpira kana kwamba umeuzoea tangu tumboni. Mimi niliupata mpira kwa kumwondoa mwenye nao.

Mwalimu alikuwa na zoezi lake. Alichora duara dogo kwa majivu, akawaweka wachezaji wawili ndani na mpira mmoja. Anayetoka na mpira ndiye mshindi, na filimbi hakuna. Mara nyingi alituingiza sisi wawili. Tulipigana viwiko vya mbavu, tulivutana nywele, tulikanyagana vidole. Siku moja mwenzangu alinipiga kichwa cha pua nikatoka damu mpaka kwenye kaptula, na mimi siku iliyofuata nilimpiga teke la goti akashindwa kusujudu, akaswali ameketi. Jioni tulichemsha maji ya chumvi, tukaoshana vidonda, tukalala mgongo kwa mgongo. Sikumchukia hata siku moja. Hilo ndilo gumu kuwaelewesha watu.

Kisha ikaja habari kwamba makocha wa timu ya taifa wanakuja Singida kutazama wachezaji. Asubuhi ya siku hiyo Mwalimu aliniita nyuma ya chumba cha kuwekea mipira.

"Wanataka kiungo mmoja," akasema. "Mmoja tu, wameshaniambia. Wewe na yule wa Mkiwa hamuwezi kwenda wote."

Nikamwambia mwenzangu ni mzuri kuliko mimi.

"Akiwa amesimama, ndiyo," akasema Mwalimu. Aliniwekea mkono begani. "Leo ni nani atamaliza mechi akiwa amesimama? Lifikirie hilo."

Nililifikiria. Nilipofunga kamba za njumu nilikuwa nimeshamaliza kulifikiria.

Tuligawanywa timu mbili, tukacheza sisi kwa sisi, wageni wameketi kwenye benchi chini ya turubai. Kipindi cha kwanza mwenzangu wa Mkiwa, akiwa timu ya pili, alinidhalilisha. Alinipiga chenga mbele ya benchi, mpira ukapita katikati ya miguu yangu, na mmoja wa wageni akacheka akaandika kitu. Kipindi cha pili beki wao alimpa pasi fupi, mpira ukabaki katikati yetu, sawa kwake na kwangu. Ningeweza kuucheza mpira. Niliona nafasi ya kuucheza, nikaiacha. Niliinua mguu juu ya mpira, nikashuka na uzito wangu wote, na soli ya njumu yangu ikatua kwenye muundi wake wa kushoto, chini kidogo ya goti.

Sauti ya mfupa ule nilikuwa naijua. Kaka zangu walikuwa wakivunja kuni kavu kwa goti nyumbani, na ilikuwa sauti hiyohiyo.

Hakulia mara moja. Alishika soksi yangu, akanitazama usoni. Halafu akatazama chini, akaona mguu wake umejikunja mahali pasipo na kiungo, na ncha nyeupe imetokeza kwenye soksi. Hapo ndipo alipopiga ukelele. Golikipa wetu alitapika. Mwalimu alikuja mbio, akavua shati lake akaufunga mguu, akamwinua pamoja na wasichana wengine wawili wakamlaza nyuma ya pikapu. Gari lilipoondoka, mkono wake ulikuwa umening'inia nje ya bodi na unarukaruka kila tairi lilipopanda jiwe.

"Ajali ya mpira," Mwalimu aliwaambia wageni.

Wakaitika kwa vichwa. Filimbi ikapigwa, tukacheza dakika ishirini zilizobaki. Nilicheza vizuri kuliko siku nyingine yoyote ya maisha yangu.

Nilikwenda kumwona hospitali mara moja, siku ya tatu. Aligeukia ukutani. Mama yake, aliyekuwa ameketi sakafuni kwenye mkeka, alinishika mikono yote miwili. "Asante mwanangu kwa kuja kumtazama mwenzio," akasema, akanimenyea chungwa. Nililila lote mbele yake kwa sababu sikujua la kufanya na mikono. Wiki hiyo nilipanda basi kwenda kambini Dar es Salaam.

Kuhusu miaka yangu saba ya timu ya taifa, sina mabao ya kusimulia. Nilifunga moja, tena mpira ulinigonga mgongoni ukaingia. Nina miili ya kusimulia. Nilivunjwa pua ugenini na fowadi aliyenipiga kiwiko mpira ukiwa mbali, nikafungwa bendeji, nikarudi uwanjani, na kabla ya dakika kumi kwisha yeye alitolewa kwa machela. Nilipoteza fahamu mara mbili. Mara moja basi letu lilipigwa mawe tukitoka uwanjani, kioo kikamwingia mchezaji mmoja wetu shavuni, nikakaa nimemshikia taulo mpaka hotelini huku dereva anaendesha ameinamisha kichwa. Lile jino nililing'oa kwenye kona. Mchezaji yule alikuwa ananifinya kila mpira wa juu unapokuja, nikageuka na kiwiko, na alipofunua mdomo jino likaanguka kwenye nyasi, akaliokota akamwonyesha mwamuzi. Nilipewa kadi nyekundu. Nilitoka nikiwa napigiwa makofi na mashabiki wetu. Kocha wa taifa aliniambia wachezaji wa aina yangu ni wachache.

Mechi yangu ya mwisho, msichana mdogo, mwepesi, wa miaka kumi na tisa hivi, alinifanyia nilichokuwa nimewafanyia wengine. Aliingia na miguu miwili. Goti langu liligeukia upande usio wake. Nikiwa chini nilimtazama nikaona kwamba hakuwa na hasira nami hata kidogo. Nilifanyiwa upasuaji, nikafanyiwa wa pili, nikaambiwa basi.

Miaka hiyo yote nilipita Mkiwa kila nilipokwenda nyumbani au kurudi kambini. Basi linasimama pale njia panda, wauzaji wanaleta kuku wa kuchoma na vitunguu mpaka madirishani. Nilikuwa najifunika kanga usoni najifanya nimelala. Nilisikia kwamba mguu uliunga vibaya, umekuwa mfupi, na kwamba ana kibanda cha chakula palepale stendi. Sikushuka.

Baada ya mpira nilisomea ualimu, nikapangiwa shule ya sekondari huku Iramba. Nafundisha jiografia, na nikapewa timu ya mpira ya wasichana. Mwaka jana tulicheza na shule moja ya upande wa Nduguti. Walikuwa na msichana wa namba kumi aliyetusumbua sana. Wakati wa mapumziko nilimvuta kando kiungo wangu, mtoto mtiifu, asiyenyanyua macho akiongea na mwalimu.

"Namba kumi wao," nikamwambia, "asimalize mechi."

Sikuhisi chochote nilipolisema. Lilitoka kama mtu anavyosema funga mlango. Dakika ya tano ya kipindi cha pili kiungo wangu alimrukia yule namba kumi hewani, akamsukuma kwa magoti akiwa hajagusa ardhi. Namba kumi aliangukia bega, na mtulinga wake ukavunjika, mfupa ukawa umeinua ngozi kama kidole kilichofichwa chini ya shuka. Alilia akimwita mama yake kwa Kinyiramba. Kiungo wangu alitembea hadi kwenye mstari nilipokuwa nimesimama.

"Madamu," akasema, "nimefanya."

Alikuwa anasubiri nimsifu.

Jumamosi nilipanda basi hadi Singida, nikabadilisha, nikashuka Mkiwa. Haikuwa vigumu kumpata. Alikuwa kibandani kwake, amesimama mezani, anakatakata kuku kwa panga fupi. Alikuwa amenenepa. Alipohama kutoka ubao mmoja kwenda mwingine niliona namna anavyozamia upande wa kushoto, bega linashuka kwanza, kisha mwili unafuata. Aliinua macho akaniona, akarudi kwenye kuku wake.

"Karibu," akasema. "Unakula hapa au unafungiwa?"

"Unanijua."

"Nakujua. Nilikuona kwenye televisheni ile siku ya jino. Nilishangilia ulipotolewa, wateja wakanishangaa."

Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ndani ya basi. Yakabaki machache. "Nilikuvunja kwa makusudi," nikasema.

Alikata paja, akalitupa kwenye beseni. "Najua. Mpira ulikuwepo ukauacha. Sikusimuliwa, nilikuwa pale."

"Mwalimu aliniambia wanataka mmoja tu. Asubuhi ile, nyuma ya stoo."

Hapo panga lilisimama. Alinitazama muda mrefu kuliko alivyonitazama siku ile akiwa ameshika soksi yangu.

"Na mimi aliniambia," akasema. "Kabla yako. Nyuma ya stoo hiyohiyo. Nilizinoa njumu zangu kwenye jiwe la kufulia mpaka zikawa zinakata uzi. Nilikuwa nangoja mpira wa juu."

Sijui uso wangu ulifanya nini. Nafikiri ulilegea. Kifuani nilisikia kitu kinashuka, kama mtu aliyetua debe la maji kichwani, na pengine nilitabasamu. Aliweka panga mezani, akazunguka meza kwa ule mwendo wake, akanipiga kofi. Halikuwa kofi la mwanamke anayegombana sokoni. Alilivuta kutoka begani. Mdomo ulipasukia kwenye meno yangu, nikayumba nikashika nguzo ya kibanda. Mwanamume aliyekuwa anakula pale aliinuka na sahani yake akasogea kando. Mkono wangu ulishakunja ngumi wenyewe, miaka yote ile ya mazoezi ikiwa ndani yake. Niliushika kwa mkono wa pili.

"Usifurahi," akaniambia. Alikuwa anahema. "Mimi nilinuia. Wewe ulifanya. Usije hapa ukafikiri ni kitu kimoja."

"Sawa."

"Kila asubuhi mimi ndiye ninayeinuka na huu mguu. Wewe ulivaa jezi."

"Sawa."

Akanipa kitambaa cha mezani nifutie damu, akarudi kwenye kuku. Nikavuka barabara kusubiri gari.

Nilipofika Singida sikwenda stendi ya magari ya Kiomboi. Nilikwenda nyumbani kwa Mwalimu. Amezeeka, masikio mazito, amekaa kwenye kiti cha plastiki ukumbini. Ukutani ana picha yangu nikiwa na jezi ya taifa, kwenye fremu ya kioo. Mkewe alinikaribisha akaenda jikoni.

"Shikamoo, Mwalimu."

"Marahaba, binti yangu. Mdomo umefanyaje?"

Nilimwambia nimepigwa, na aliyenipiga ni yule wa Mkiwa. Alitabasamu kidogo, macho yakaenda mbali. "Alikuwa na mguu wa kushoto mzuri sana yule," akasema.

"Ulituambia wote wawili, Mwalimu. Asubuhi ileile."

"Sikusikii."

Nikainama nikalirudia sikioni mwake, kwa nguvu.

"Niliwaambia wote," akasema. Hakuona aibu wala hakukasirika. "Kila mwaka. Si ninyi tu. Ndivyo mlivyofika huko mlikofika. Ningewafundisha nini kingine, na uwanja ule wa kokoto?"

Shingo yake ilikuwa nyembamba, ngozi imelegea, na nilikuwa karibu naye kiasi cha kusikia pumzi yake. Nilitaka kumpiga. Nilisimama, nikaishusha picha yangu ukutani, nikaipiga sakafuni. Kioo kikaruka mpaka miguuni pake. Niliikanyaga mara ya pili na ya tatu, mpaka fremu ikaachana. Mkewe alitoka jikoni, akatazama, akarudi akaleta ufagio. Alifagia akipita kati ya miguu yangu na ya mumewe, nami nikamwomba radhi yeye, nikaondoka.

Jumatatu nilimweleza mkuu wa shule kwamba yule mtoto nilimtuma mimi. Alinisihi nisiliandike. Nililiandika. Baba wa namba kumi aliitwa, mfugaji mrefu, akaja na fimbo yake akaisimamisha kati ya magoti alipokaa. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Mwanangu hawezi kuinua ndoo," akasema. "Ulimfikiria?"

Nikamwambia hapana. Alikaa akinitazama, na kidole gumba chake kinapanda na kushuka kwenye fimbo. Nilikuwa tayari kwa chochote. Aliinuka akatoka.

Timu nilinyang'anywa. Sasa nafundisha jiografia tu, na mazoezi nayasikia nikiwa darasani nasahihisha. Kiungo wangu yule haniamkii. Wenzake wote wananipa shikamoo, yeye anapita amefunga mdomo. Aliwaambia wenzake kwamba nilimtuma kisha nikamuuza. Nimejaribu kutafuta kosa katika maneno hayo, sijaliona.

Mkiwa nimerudi mara tatu. Mara ya kwanza aliniuzia chakula kama anavyomuuzia abiria yeyote, akanipa mgongo. Mara ya pili aliniuliza kama mama yangu bado yu hai, nikamwambia yupo, akaniambia wake alifariki. Mara ya tatu ilikuwa siku ya gulio na alikuwa peke yake, kuku sita wamechinjwa, wamelowekwa kwenye maji ya moto, basi la Dodoma linakaribia kufika. Nilisalimu. Alisukuma beseni kwa mguu wake mzima mpaka likagusa viatu vyangu.

"Nyonyoa," akasema. "Usichane ngozi."

Nikavuta kigoda nikakaa, nikaanza na wa juu.